Maoni ya Mwalimu Bunluea Kuhusu Fagio

Thung Hong, Phrae
2 Aprili 2562

Kwa Watengenezaji wa Programu ya Fagio,
Penang

Waungwana,

Nafasi mliyoiweka kwenye tovuti yenu kwa ajili ya maoni ya watumiaji inatosha herufi mia tatu tu. Malalamiko yangu hayaenei humo. Nimeweka nyota moja kwa sababu tovuti haikuniruhusu kuweka sifuri, na maelezo yaliyobaki nayaleta kwa posta.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha sarufi kwa miaka thelathini na minane. Tangu nistaafu nimetoa maoni juu ya programu kumi na nne za kompyuta, na sikuionea hata moja. Niliisifu programu ya kubana faili kwa kuwa hufanya kazi moja kisha hunyamaza. Niliilaumu ya kusomea hati, ambayo kila asubuhi huniomba niisasishe kabla sijavaa miwani. Niliilaumu pia ya hali ya hewa, iliyokaa pembeni mwa skrini ikitangaza jua huku mashati yangu yakilowa kwenye kamba. Kwa hiyo msidhani kwamba naandika kwa hasira ya mtu asiyejua kompyuta.

Tarehe 20 Machi niliweka Fagio ili liniondolee faili kuukuu. Maelezo yenu yalikuwa katika lugha yetu, na nakiri kwamba yaliandikwa vizuri isipokuwa mahali pawili. Fagio liliniuliza maswali mawili: faili za kabla ya mwaka gani ziondolewe, na zilizoondolewa zikae ghalani hadi tarehe gani. Nilijibu yote mawili kwa usahihi, nikabofya. Likafanya kazi kwa dakika nne, kisha likaandika: "Hongera! Kompyuta yako ni safi."

Ni safi kweli. Hamna kitu. Faili za mwaka jana hazimo, za mwezi uliopita hazimo, na ile niliyoiandika asubuhi ya siku hiyohiyo haimo. Barua pepe zangu zimekwenda nazo. Kikapu cha taka nimekifungua nikakikuta kitupu.

Miongoni mwa vilivyoondoka ni muswada wa kurasa 212, ambao mchapishaji anautaka kabla ya tarehe 20 Mei. Hauna nakala nyingine popote. Naomba nielezwe kwa maandishi ni kwa namna gani programu iliyoombwa kuondoa vya zamani iliondoa na vipya. Msinipigie simu, masikio yangu yalistaafu kabla yangu.

Wenu,
Bunluea Khamwong


George Town, Penang
12 Aprili 2019

Mwalimu Bunluea,

Shikamoo. Mimi pia ni wa huko kwetu, mzaliwa wa Songkhla, ingawa huu ni mwaka wangu wa kumi na tatu ugenini hapa Penang. Barua yako ndiyo ya kwanza ya karatasi kuletwa hapa kwa sababu ya Fagio.

Niseme wazi. Watu elfu tisa wanatumia Fagio, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba limefagia kila kitu. Ila mwezi uliopita, kwa siku moja tu, tuliletewa maoni sita ya nyota moja, yote ya wastaafu wenye lugha nzuri. Kuna jamaa wanaouza fagio lao la kulipia, na najua wanavyofanya kazi. Kama wewe si mmoja wao, naomba radhi. Kama ni mmoja wao, wape salamu zangu. Safari hii wamepata mwandishi hodari.

Ikiwa tatizo ni la kweli, dawa yake ni rahisi. Fagio halifuti papo hapo. Kilichofagiliwa hukaa ghalani siku thelathini, isipokuwa mtumiaji ameweka tarehe yake mwenyewe. Fungua Fagio, bofya "Ghala", kisha bofya "Rudisha". Tafadhali fanya hivyo kabla ya tarehe 19 mwezi huu.

Orawan Laksanakun
Kwa niaba ya timu ya Fagio


Thung Hong, Phrae
22 Aprili 2562

Bi Orawan,

Barua yako uliyonitaka niifanyie kazi kabla ya tarehe 19 imenifikia leo, tarehe 22. Posta ilifungwa kwa sikukuu ya Songkran, na mtu aliyezaliwa Songkhla angepaswa kulikumbuka hilo.

Sijatumwa na mtu. Katika maisha yangu nimetumwa na wizara peke yake, na hata hiyo nilikuwa nikiiandikia kuisahihisha.

Nimefungua "Ghala". Hakuna "Rudisha". Kuna picha ya kufuli na maneno haya: "Ghala limefungwa hadi siku uliyoichagua." Ni kweli niliichagua siku. Lakini siku niliyoichagua ni siku yenyewe ya shughuli, na muswada unatakiwa kabla ya shughuli. Kwa hiyo lifungueni mapema. Shughuli ni ya nini, hilo si jambo la programu.

Leo nimekwenda kwa Bwana Thawon, mwenye kiwanda cha uchapaji hapa mjini, kumweleza kilichotokea. Nilipofika kwenye suala la kufuli alinikatiza, jambo ambalo hakuthubutu kulifanya nilipokuwa nikimfundisha.

"Mwalimu," akasema, "mimi niletee kitabu. Hasira sichapi."

Nikamwambia kwamba kitabu kimo ndani ya ghala.

"Ghala lipi? La mpunga?"

"La kompyuta."

"Basi likifunguka niite. Mwisho tarehe ishirini, Mwalimu. Na hiyo ni kwa heshima yako tu."

Sielewi ni kwa nini nyumba yangu mwenyewe inifungie mlango, na fundi aliyeliweka kufuli anidhanie mwizi.

Bunluea Khamwong


Thung Hong
23 Aprili 2562

Mwanangu Orawan,

Hunijui. Naitwa Amphon, dada mkubwa wa marehemu. Utauliza marehemu yupi, maana najua shemeji yangu hakukwambia. Anwani yako nimeinakili kwenye bahasha yake alipokwenda kutafuta stempu.

Mdogo wangu Saengduean, mke wake, alitutoka tarehe 20 Februari. Mwili uko hekaluni, unangoja kutimia siku mia. Tutamchoma Jumamosi tarehe 1 Juni. Na wewe ni wa huku, unajua siku hiyo kila mgeni hupewa kitabu cha marehemu. Mdogo wangu alikuwa mtia rangi wa vitambaa, kwa yale majani yetu ya samawati ya Thung Hong. Hakuna aliyemshinda. Miaka minane alikaa na ile kompyuta akiandika habari za mitungi yake ya kuvundikia rangi: upi unanuka vipi, upi unataka chokaa, upi umenuna na kwa nini. Wasichana wanaotia rangi siku hizi walikuwa wanakuja kumwuliza, naye akiwaambia, "Ngojeni, nikimaliza mtasoma." Ndio huo muswada. Kitabu chake ni hicho, hana kingine, na mwenyewe hayupo tena wa kuulizwa.

Shemeji aliitaka kompyuta iwe safi kwanza, ndipo aufungue auandae. Mtu wa kupiga pasi hata leso. Sasa amekaa mbele ya kioo kitupu kutwa nzima.

Nilimwambia, "Shemeji, mwombe huyo dada vizuri."

Akasema, "Sitaomba kilicho haki yangu."

Nikamwambia, "Basi kaa na haki yako. Siku ya shughuli uigawe kwa wageni, pamoja na vile vichupa vya dawa ya kunusa wanavyopewa."

Jioni nikamkuta ameshika kitambaa cha mdogo wangu anakisoma lebo.

Mwanangu, tafadhali. Na usimwambie nimekuandikia, atanisusia mpaka nife, na mimi ndiye ninayempikia.

Amphon


George Town, Penang
2 Mei 2019

Mwalimu wangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba unisamehe kwa barua yangu ya kwanza. Haikunipasa kukuandikia vile mtu mzima kama wewe, na hasa wakati huu.

Nataka kukusaidia kwa kila niwezalo, lakini bado sielewi kilichotokea. Fagio halijui siku ya shughuli ya mtu. Linajua tarakimu tu. Naomba ufungue ukurasa wa "Mipangilio" na uninakilie majibu yako mawili, tarakimu kwa tarakimu, kama yalivyo. Usirekebishe chochote. Usiondoe Fagio kwenye kompyuta, na usiweke programu nyingine yoyote.

Tafadhali tumia posta ya haraka. Nami nitajibu kwa hiyohiyo. Kula vizuri, Mwalimu.

Wako,
Orawan


George Town, Penang
2 Mei 2019

Mama Amphon,

Pole sana kwa msiba. Nimeisoma barua yako nikiwa kazini, nikashindwa kuendelea na kazi.

Nitakwambia kitu ambacho sikumwambia Mwalimu. Toleo la zamani la Fagio lilikuwa na kasoro: liliposhindwa kuisoma tarehe ya mtumiaji, kufuli lilibaki mlangoni huku vilivyomo ndani vikifutwa siku ya thelathini. Sijui yeye alipakua toleo lipi. Inawezekana analilinda ghala ambalo halina kitu tangu tarehe 19 Aprili. Nitajua nikiziona tarakimu. Kwa sasa usimwambie, na usiwaahidi wale wasichana chochote.

Orawan


Thung Hong, Phrae
9 Mei 2562

Bi Orawan,

Sielewi ni kwa nini barua yako ya pili ina upole ambao ya kwanza haikuwa nao. Umeandika "hasa wakati huu." Wakati upi? Kuhusu mlo wangu, sikumbuki kuulalamikia.

Nilimwuliza shemeji yangu Amphon kama kuna desturi mpya ya wafanyabiashara kuwaagiza wateja wale vizuri. Akasema, "Labda mtoto wa watu ana adabu tu, shemeji. Umesahau inavyofanana?" Kisha akaenda jikoni kwa haraka isiyo ya kawaida yake.

Haya, majibu uliyoyataka. Niliyaweka kwa kufikiri na siyajutii.

Swali la kwanza: faili za kabla ya mwaka gani ziondolewe? Nilijibu 2553. Za kabla ya hapo ni za kazini kwangu: maksi na mitihani ya watoto ambao sasa wana watoto. Kilichoandikwa baada ya mwaka huo kilipaswa kubaki, na muswada wote uliandikwa baada ya mwaka huo.

Swali la pili: zilizoondolewa zikae ghalani hadi tarehe gani? Nilijibu 1 Juni 2562.

Nimeyasoma tena mara tatu nikitafuta kosa. Hakuna. Kama fundi amepata kosa mahali ambapo mwalimu hakulipata, ningependa kulijua.

Thawon ameongeza siku tano. Mwisho sasa ni tarehe 25.

Bunluea Khamwong


George Town, Penang
17 Mei 2019

Mwalimu,

Nilipofungua barua yako nilicheka kwa sauti, halafu nikalia, na bosi wangu akaniuliza kama nimepokea habari njema au mbaya. Nikamwambia zote mbili.

Mwaka wetu, ule wa tangu Buddha, uko mbele ya mwaka wa nchi za nje kwa miaka mia tano arobaini na mitatu. Wewe uliandika mwaka wetu. Fagio linajua ule wa nje tu, kwa sababu nililitengenezea huku. Kwa hesabu yake, huu ni mwaka 2019. Uliposema liondoe faili zote za kabla ya 2553, lilitazama likaona kwamba kila kitu ulichonacho ni cha kabla ya 2553, tena kwa karne tano na zaidi. Likafagia mpaka barua ya asubuhi ile. Lilikutii, Mwalimu.

Hiyo ndiyo habari mbaya. Habari njema ni kwamba na lile jibu la pili lililisoma hivyohivyo. Siku thelathini hazikuhesabiwa, kwa kuwa uliweka tarehe yako. Hakuna kilichofutwa. Fagio linangoja tarehe 1 Juni 2562 ya nje. Muswada wako utalindwa salama mpaka mimi na wewe na wajukuu wa wajukuu wetu tuwe tumesahaulika.

Tatizo ni kufuli. Niliwawekea kufuli wale wanaofagia leo na kurudisha takataka kesho, na sikutengeneza ufunguo. Nilijiona mwerevu. Imenichukua siku mbili kulivunja kufuli la mikono yangu mwenyewe. Katika bahasha hii kuna flashi. Ichomeke, bofya kitu kimoja tu utakachokiona, kisha subiri. Faili zitarudi, ila majina yake hayatarudi. Kila moja itakuwa na namba. Itakubidi uzifungue ili kujua ipi ni ipi.

Na tukiwa kwenye ukweli, hakuna timu ya Fagio. Ni mimi peke yangu. Kazi yangu halisi ni mapokezi ya kliniki ya meno, na Fagio nalishughulikia siku za mapumziko. Nimekaa huku miaka kumi na mitatu mpaka nikamwuliza mtu wa kwetu mwaka, kwa lugha ya kwetu, bila kukumbuka atajibu upi. Kosa ni langu.

Orawan


Thung Hong, Phrae
24 Mei 2562

Bi Orawan,

Nakubaliana nawe kwamba kosa ni lako. Mtu akiulizwa mwaka kwa lugha yetu hujibu mwaka wetu. Hata hivyo, nilikuwa nimewaambia watu wanne kwamba programu yako ni ya kihalifu, na jana nilizunguka kuwasahihisha wote wanne.

Flashi ilifika tarehe 22. Faili zilizorudi ni 1,846. Mimi na shemeji tulikaa tukizifungua moja moja. Yeye hana subira. Kila nilipokutana na mtihani wa zamani nikausoma, alinigonga bega: "Shemeji, huyu mtoto alishafeli zamani, mwache apumzike!" Tulikuta muswada umetawanyika katika faili 63. Asubuhi hii nimezipanga zote. Muswada ni wa mke wangu, Saengduean, aliyefariki tarehe 20 Februari. Sikukueleza kwa sababu sikutaka nihurumiwe badala ya kuhudumiwa. Sasa nimehudumiwa.

Kuna jambo limenichanganya. Katikati ya faili hizo ipo moja ambayo si habari ya rangi. Juu yake ameandika "Maoni." Hakuipeleka kokote. Nakunakilia, kwa kuwa inahusu fani yako.

"Programu ya kuandikia. Inapiga mstari mwekundu chini ya maneno yangu. Niliandika jina la mama yangu, ikalipigia mstari. Niliandika jina la jani letu, ikalipigia mstari. Na mimi nimeolewa na programu hii miaka arobaini na mitano. Tofauti ni kwamba ile ya kompyuta haikuwekei chai mlangoni.

"Programu ya hesabu. Haina maneno. Nzuri.

"Programu ya kurekodi sauti. Niliiweka karibu na mtungi unapoumuka. Ikaniambia hakuna sauti. Ipo.

"Programu ya karata. Hii ndiyo bora kuliko zote. Mwalimu anadhani naandika. Ninaandika, lakini nusu ya muda nacheza. Mlio wa kushinda ni mkubwa mno, ila mume wangu hasikii vizuri, kwa hiyo sina neno."

Mimi ndiye mwenye desturi ya kutoa maoni katika nyumba hii. Sikujua kwamba tulikuwa wawili. Nimeusoma ukurasa huu mara nyingi na sijui kama ni lawama au ni mzaha. Nilidhani ninamfahamu. Shemeji alicheka hata akashika ukuta, akasema, "Uweke! Uweke mwanzo kabisa!" Nimekataa. Kitabu cha marehemu husomwa mbele ya watawa. Ningependa maoni yako, ingawa hayatawahi kufika: kesho napeleka kitabu kwa Thawon, bila ukurasa huo.

Kwa flashi, nashukuru.

Bunluea Khamwong


George Town, Penang
30 Mei 2019

Mwalimu,

Pole sana. Najua barua hii itafika shughuli ikiwa imekwisha, lakini uliniuliza. Uweke. Nimetengeneza programu miaka tisa na sijawahi kuona maoni ya mtumiaji aliyeielewa programu kiasi hicho, wala mume.

Orawan


Thung Hong
3 Juni 2562

Mwanangu Orawan,

Tumemchoma mdogo wangu juzi. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, wageni wengi, nusu yao mikono ya samawati mpaka kwenye viwiko. Kila mmoja alipata kitabu. Wale wasichana walikaa chini palepale wakaanza kusoma habari za mitungi, na mmoja akasema, "Kumbe! Ndiyo maana wangu umekufa!" Mkubwa wa hekalu akasubiri wanyamaze.

Sasa nikwambie, na usicheke. Shemeji alipompa Thawon kitabu, mimi nilibaki nyuma nikajifanya natafuta mwavuli. Nikamwambia Thawon, "Kuna ukurasa wa mwisho Mwalimu ameusahau. Huu hapa." Akauliza, "Mwalimu kasahau?" Nikamwambia, "Ana msiba, we vipi?" Akauchukua.

Basi hekaluni, mzee mmoja anafungua kitabu kutoka nyuma, kama wanavyofungua wazee. Mabega yakaanza kumtikisika. Akampa mwenzake. Mara banda zima linacheka, watu wameziba midomo. Shemeji akafungua chake. Nikaona uso umekauka. Nikasema leo nimekwisha.

Mkubwa wa hekalu akamwuliza, mbele ya watu, "Mwalimu, na hiyo chai ulikuwa unaiweka kweli?"

Akajibu, amesimama wima kama yuko darasani, "Kila siku, saa tisa alasiri. Naiweka mlangoni, nagonga mara moja, naondoka."

"Kwa nini usiingie?"

Alikaa chini. Tangu hapo anatafuta nani kauingiza ule ukurasa. Anafikiri ni Fagio. Mwanangu, kama unaweza, mwache afikiri hivyo kidogo.

Amphon


Thung Hong, Phrae
5 Juni 2562

Bi Orawan,

Shughuli imekwisha, na kitabu kilipatikana kwa wakati. Nimekutumia nakala moja. Wasichana watatu wamekuja tangu jana kuniuliza juu ya ukurasa wa 88, wakidhani kwamba kwa kuwa nimeuchapisha, ninaufahamu. Nimeanza kuusoma.

Nina maswali mawili ya kiufundi. Yajibu kwa maandishi.

La kwanza. Ule ukurasa wa "Maoni" umo kitabuni. Mimi sikuuweka. Thawon ameapa kwamba alichapa alicholetewa, na shemeji yangu anasema kompyuta zina mambo yake. Je, flashi yako inaweza kuhamisha faili pasipo amri ya mtu? Ikiwa inaweza, hiyo ni kasoro kubwa, na nakuomba usiirekebishe mpaka nifikirie.

La pili. Baada ya wageni kuondoka niliifungua programu ya karata, ambayo sikuwahi kuifungua. Ina ukurasa wa kumbukumbu. Imeandika kwamba michezo iliyochezwa ni 6,318, na iliyoshindwa na mchezaji, maana yangu ni aliyoibuka nayo mshindi, ni 411. Naomba unieleze kama hesabu hizo zinaweza kuaminiwa, au kama nazo zimeharibika zilipofungiwa ghalani.

Nauliza kwa sababu hii. Kwa miaka minane, kila alasiri, mke wangu alipokaa kwenye kompyuta, mimi nilikaa chumba cha pili bila kugeuza hata ukurasa wa gazeti. Nilivua viatu ndani ya nyumba yangu mwenyewe nikatembea kwa ncha za vidole. Niliwarudisha wageni getini. Nilimwona kupitia mwanya wa mlango ameinama mbele ya skrini, nami nikajiambia: anafanya kazi, usimsumbue.

Michezo elfu sita, mia tatu na kumi na minane. Na alikuwa akishindwa karibu yote, Bi Orawan, peke yake mle ndani. Ningejua kwamba anacheza tu, ningeingia.

Bunluea Khamwong